Kadi Arobaini za Eduvina

Hermelinda alitoka kwenda kuanua karatasi kabla ukungu haujashuka. Ilikuwa kazi yake ya kila jioni. Mbao zimeegemezwa ukutani nyuma ya nyumba, kila ubao na karatasi yake, na karatasi ikikauka vizuri hujibandua yenyewe pembeni, ukaivuta taratibu kama unavyomvua shati mtoto aliyesinzia. Siku nyingine angekuwa anaimba. Jioni hiyo hakuimba. Ndani, nyuma ya dirisha lililokuwa juu ya zile mbao, bintiye Eduvina alikuwa akipigania pumzi kwa siku ya tisa.

Hhhh... kimya... Hhhh...

Daktari wa mjini alimpima kifua akasema kiko safi. Akampa vidonge. Vidonge vikaisha. Msichana wa miaka kumi na tisa, aliyekuwa akipanda mlima na mzigo wa kuni huku anacheka, sasa alishindwa kumaliza kikombe cha uji wa mahindi. Na harusi yake ilikuwa Jumamosi.

Hermelinda akabandua karatasi ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Alipofika ubao wa mwisho, mkono ukabaki hewani.

Karatasi ilikuwa inapumua.

Hakukuwa na upepo. Mibuni ya jirani ilikuwa imetulia tuli. Lakini karatasi ile ilituna katikati, polepole, kama tumbo la mtu aliyelala, kisha ikanywea. Akatega sikio dirishani. Hhhh... ikatuna. Kimya... ikanywea.

Akasogeza uso. Akanusa magome na majivu na, chini yake, harufu nyingine. Jasho la homa. Ndipo akauona ule unywele. Mmoja, mweusi, mrefu, umelala ndani ya karatasi kama mshipa.

Unywele ule aliuweka yeye mwenyewe.

Pale kijijini San Gervasio, juu kwenye milima ya jimbo la Puebla, karibu kila nyumba huponda karatasi kwa magome ya miti. Mgeni husikia mawe ya kupondea kabla hajaona paa. Wengi huponda karatasi kubwa za kuwauzia wachoraji. Hermelinda alipenda vidogo: kadi, bahasha, vidaftari vya kuenea kiganjani. Alipenda kuloanisha ukingo kwa kidole na kuuchana, ubaki na manyoya laini. Alipenda kubana petali nyekundu kati ya nyuzi za gome na kuziona zikichungulia karatasi inapokauka. Mtu akipokea kadi yake hakuwa na haraka ya kuifungua. Kwanza aliipitisha shavuni, akainusa, akatabasamu. Tabasamu hilo lilimtosha Hermelinda kwa wiki nzima.

Kwa harusi ya mtoto wake wa pekee alitengeneza kadi arobaini, na katika kila moja akapondea unywele mmoja wa Eduvina, alioutoa kwenye kitana. Unywele ulijikunja ndani ya karatasi kama saini. Eduvina alizitazama akacheka.

"Mama! Watu watadhani nimetumbukia kwenye sufuria ya magome!"

Wakaziandika pamoja, wakazitia kwenye bahasha, wakazifunga kwa gundi ya utomvu aliyoichemsha Hermelinda mwenyewe. Wakazigawa nyumba kwa nyumba. Ukabaki unywele mmoja, alioutunza hadi asubuhi ya leo akaupondea kwenye karatasi nyingine, ya kuandikia shukrani baada ya sherehe.

Siku ya tatu baada ya kuzigawa, Eduvina akaanza kukosa pumzi.

Sasa Hermelinda aliibandua karatasi ile, akaikunja ndani ya shali, akapanda kilima mbio hadi kwa Tranquilina.

Tranquilina alikuwa mwanamke mfupi, mfuga nguruwe, na alikuwa na mkasi. Alikuwa akikunja karatasi, anaikata mara nne tano, anaikunjua, na hapo kwenye meza anasimama mtu mdogo wa karatasi mwenye mikono juu. Watu walimwendea wakiwa na mgonjwa. Wakitoka hawakusalimiana naye barabarani.

Aliishika karatasi ya Hermelinda kwa ncha za vidole. Ilikuwa bado inatuna na kunywea.

"Nywele za mtu aliye hai?"

"Zilipendeza," Hermelinda akanong'ona.

"Zilipendeza!" Tranquilina akatema ganda la mbegu ya boga. "Mama mzima, umezaliwa hapa hapa, mawe umeyasikia tangu tumboni. Hii si karatasi ya dukani, we mwanamke. Ukimtia mtu humu, anaingia. Umemkata mwanao vipande arobaini, ukavitia kwenye bahasha, ukavigawa kijiji kizima. Na maua juu!"

"Nani amemfanyia hivi?"

"Nitajuaje? Kuna aliyechukua kadi moja akakata mtu. Akamfunga uzi hapa." Akajigusa koo. "Kanikusanyie zote. Zote, Hermelinda. Iliyokatwa utaiona. Na usizubae. Pumzi kama hiyo haifiki Jumamosi."

Kesho yake, Jumatano, Hermelinda alianza kugonga milango jua halijatoka. Alisema uongo. Alisema wamekosea saa ya misa, kadi zinarudi kurekebishwa.

"Haijawahi kutokea mwaliko ukarudishwa!" akamtania mke wa mwokaji mikate. "Harusi imevunjika, au mpishi amekimbia na nguruwe?"

Hermelinda alicheka kwa meno tu. Akaifungua kadi palepale mlangoni. Nzima. Akaenda nyumba ya pili. Nzima. Kwenye nyumba moja ilikuwa imebandikwa kando ya picha ya mtakatifu. Kwenye nyingine kikongwe alikuwa ameilalia chini ya mto, kwa kuwa ilimnukia vizuri, na hakutaka kuitoa.

"Nimepewa mimi," kikongwe akasema, ameikumbatia. "Nenda zako."

Hermelinda akapiga magoti kwenye tope. "Nipe, bibi. Nakuomba kwa jina la huyo unayemwabudu. Nipe mwanangu."

Kikongwe akamtazama, akashtuka, akaitoa.

Nzima.

Kila alipopita karibu na kwake alisimama chini ya dirisha. Hhhh... Ule ukimya wa katikati ulikuwa unazidi kurefuka. Wilfrido, mchumba wa Eduvina, alikuwa amekaa kando ya kitanda amemshika mkono.

Jioni ilipoingia alikuwa na kadi thelathini na tisa kwenye kikapu, zote nzima. Ikabaki moja. Tangu asubuhi alijua itakuwa hiyo, na kwa kujua alikuwa ameiacha ya mwisho.

Ilikuwa kwa Nazaria, mdogo wake.

Nazaria aliishi peke yake ng'ambo ya kijito. Hakujaliwa mtoto, na Eduvina alikuwa amelala kwake nusu ya utoto wake. Siku Wilfrido aliposema mbele ya wote kwamba atamchukua mke wake aende naye mji wa mbali wa Monterrey kwenye kazi, Nazaria aliweka kijiko chini.

"Bora nimzike hapa kuliko nimpoteze huko," alisema.

Watu wote mezani walisikia.

Ukungu ulikuwa umefunika kijito. Hermelinda alivuka kwa kupapasa mawe kwa miguu. Kabla hajagonga, mlango ukafunguka.

"Nimekusikia unavyohema, dada," Nazaria akasema. "Vipi mtoto?"

"Nipe kadi."

Nazaria hakuuliza. Akaenda nyuma ya mtungi wa maji, akarudi na bahasha. Ilikuwa imefungwa, kama siku ilipotoka.

"Sijaifungua," akasema, ameinamisha macho. "Nikiifungua ndiyo harusi ipo kweli."

Hermelinda akaichana. Kadi ikamtokea mkononi... nyepesi. Nyepesi mno.

Katikati yake kulikuwa na tundu.

Tundu lenye umbo la mtu. Kichwa. Mikono imeinuliwa. Miguu imepanuka. Kingo zimekatwa safi, kwa mkasi mkali, na palipokuwa na shingo unywele wa Eduvina ulikuwa umekatika pande mbili. Harufu ya jasho la homa ikatoka kwenye bahasha kama imefunguliwa sufuria.

Dada hao wawili wakaitazama gundi. Gundi ya Hermelinda mwenyewe. Mpaka alipoichana yeye sasa hivi, haikuwa imeguswa.

"Dada..." Midomo ya Nazaria ilikuwa imekauka. "Sijaigusa. Naapa kwa kaburi la mama. Unaona mwenyewe ilivyokuwa imefungwa."

Hermelinda aliona. Lakini pia alimsikia, kichwani mwake, akiweka kijiko chini.

Akamkumbatia. Akalia begani kwake, na kilio kilikuwa cha kweli. Nazaria naye akamshika kwa nguvu, akamwambia, nyamaza, nyamaza, atapona. Na huku analia, vidole vya Hermelinda vilikuwa vinatembea mgongoni mwa shali ya mdogo wake... vikitafuta... mpaka vikapata unywele mmoja.

Akaufunga kidoleni kama pete, akaondoka.

Tranquilina aliitandaza ile kadi karibu na taa.

"Kilichokatwa siwezi kukirudisha," akasema. "Anacho aliyekikata. Ninachoweza ni kuziba tundu. Nikate mtu mwingine, mwenye unywele mwingine, akae humu mahali pa mwanao. Uzi utamkaba huyo. Lakini nisikilize vizuri. Anayekaa humu hatoki tena."

"Niweke mimi," Hermelinda akasema, haraka. Akauvua ule unywele kidoleni. "Wangu huu hapa."

Tranquilina akauinua kwenye mwanga. Akautazama muda mrefu.

"Wako?"

"Wangu."

"Haya. Nenda kakae na mtoto."

Njiani Hermelinda hakusali. Aliogopa nani angemsikia.

Alfajiri alikuwa amesinzia miguuni pa kitanda aliposhtuliwa na ukimya. Hakuna Hhhh. Hakuna kitu. Akaruka, akashika godoro, akapiga yowe... na Eduvina alikuwa amekaa, uso una rangi, anamkodolea macho.

"Mama, unanitisha. Kuna chochote cha kula? Nina njaa mimi."

Alikula chapati nne za mahindi na bakuli zima la maharagwe. Wilfrido alicheka mpaka akalia. Hermelinda alikaa mlangoni akisubiri, na hakutaka kujiambia anasubiri nini.

Ilikuja Ijumaa mchana. Jirani aliyekwenda kuazima moto alimkuta Nazaria kando ya jiko, unga mbichi viganjani, mdomo wazi kabisa, kama mtu aliyetaka kuvuta pumzi moja tu zaidi. Hermelinda ndiye aliyemwosha. Shingoni hakukuwa na alama yoyote. Aliitafuta mara tatu. Harusi ikasogezwa mbele wiki mbili, na watu waliokuwa wameandaa nguo za sherehe wakaja kuzika wakiwa wamejifunga nyeusi.

Jioni ya siku ya mazishi Tranquilina alipita nyuma ya nyumba. Hakukubali kukaa. Alikuwa na kitambaa mkononi.

"Unywele ulionipa ulikuwa mweusi tii," akasema kwa sauti ya chini. "Kichwa chako kimejaa mvi, Hermelinda. Ulidhani mimi kipofu?"

Hermelinda akashika ukuta.

"Nilikuwa nimeshakikata kikaragosi nikauweka unywele, ndipo nikautazama tena. Nikaacha. Sikukitia tunduni. Mimi siui mtu asiyeniomba."

"Hukukitia?" Kitu kama pumzi ya nafuu kilimpanda Hermelinda kifuani, kikakwama. "Basi Nazaria... amekufaje?"

"Alikuja mwenyewe. Hujafika hata kwako usiku ule, akabisha hodi. Alikuwa amekufuata kwenye ukungu. Akakata nywele zake mbele ya macho yangu, akasema, niweke mimi. Nikamwambia anayekaa humo hatoki. Akasema, najua, ndiyo maana nimekuja. Nikamweka."

"Kwa nini? Alisema kwa nini?"

"Sikumuuliza."

"Alikuwa anampenda, au... ndiye aliyekata? Tranquilina, niambie, niambie nimjue ndugu yangu!"

"Alikuwa anatetemeka mwili mzima. Ningejuaje kama ni huzuni au ni hatia?" Akamwekea kile kitambaa kiganjani. "Hiki chako. Uliagiza wewe. Mimi sikiweki nyumbani kwangu."

"Na cha kwanza? Kile cha Eduvina?"

Tranquilina alikuwa tayari ameshika njia. "Bado anacho aliyekikata," akasema, bila kugeuka. Ukungu ukamfunika.

Hermelinda akabaki peke yake. Akafungua kitambaa. Mtu mweupe, mdogo, mikono juu, na unywele wa Nazaria umepita kifuani mwake. Kutoka ndani ya nyumba zilikuja sauti za Eduvina na Wilfrido wakipanga safari ya Monterrey, nani abebe nini, na kicheko cha msichana aliyepona.

Machozi yakamtoka. Alitaka kuomba radhi, na hakujua aanzie wapi. Akaleta kile kikaragosi mdomoni, akaita kama alivyokuwa akimwita tangu wakiwa watoto, kwa sauti ambayo hata nzi asingeisikia.

"Mdogo wangu..."

"Abee, dada!" sauti ya Eduvina ikaitika kutoka ndani. Upesi. Bila kufikiri.



Kisha Wilfrido akasikika akiuliza, huku anacheka kidogo, "Dada? Wewe una dada gani?"