Kiti cha Mkaguzi

"Pishi mia sita! Umemwahidi ujira kiumbe usiyemjua?" Shangazi Kaltham alifoka, kidole kwenye kibao cha mlangoni.

"Mzaha tu, shangazi," Adil alijibu.

"Mzaha ndio umenitoa Nizwa na chetezo changu?"

Kibao kiliandikwa: Mkaguzi, pishi mia sita. Adil, mwenye ghala la tende Birkat al Mauz, Oman, alikuwa amesoma jinsi dola ya kale ya Uchina ilivyopanga ofisi zake: mkubwa mmoja wa kazi za serikali, mmoja wa majeshi, wa tatu wa kuwachunguza wenzake. Vyeo vilipimwa kwa nafaka za ujira. Huko mikoani gavana alikuwa wa vipimo elfu mbili, na mkaguzi wake wa mia sita tu; mdogo, asiye na kikubwa cha kupoteza, basi hamwogopi mtu.

Adil akapendezwa. Kati ya wafanyakazi wake, akampa Majid kazi za ofisi, akampa Fawziya ghala, na chumba cha tatu akaweka kiti kitupu na kibao hicho mlangoni. Akitaka kumkaripia mtu, husema, "Mkaguzi kaona." Tuseme kweli: huo ni woga, mwanamume kujificha nyuma ya kiti.

Kisha mvua ikaingia ghalani kwa dirisha aliloliacha wazi Adil mwenyewe. Tende zikaoza. "Mkaguzi kamwona Fawziya," akasema mbele ya wote. Fawziya akarudi kwao Sur analia, na jina la uzembe juu yake.

Kesho yake kiti kilikuwa na joto.

Ikafuata harufu ya tende zilizochacha. Halafu, saa za kailula, watu wamekwenda kulala majumbani, dirisha la ghala likawa linafunguka na kujifunga, taratibu.

"Majid, unasikia?"

"Nasikia siku zote, bosi," Majid alinong'ona. "Nilidhani ni wewe unanichunguza."

Sasa shangazi alifukiza ubani, akasoma dua, akasoma tena, na moshi badala ya kupanda dari ukatambaa sakafuni ukapita chini ya mlango wa Mkaguzi kama ulioitwa, na Adil, uso wa Fawziya haumwondoki machoni, akaufungua akaonesha magunia ya tende za khalasi aliyoyapanga tangu asubuhi, pishi mia sita kamili, akasema chukua ujira wako uende, na magunia yakaanza kulowa, moja baada ya jingine, yakavuja maji meusi, mpaka miguu yake ikalowa.

Kitini ikatoka sauti ndogo, ya adabu, kama ya karani wa chini.

"Sikufanya kazi ili nilipwe tende. Nimekagua dirisha. Namjua aliyeliacha wazi."

"Mwambie ukweli, mwanangu," shangazi alisema kwa hofu. "Mimi huyu simuwezi. Hakuja mwenyewe, kaajiriwa."

"Nitampigia simu Fawziya," Adil alisema. "Leo hii. Nitamwomba radhi."

"Ulimtia aibu hapa, mbele ya watu. Nataka ujira wangu: ukiri hapa hapa, mbele yao. Mlete."