Kiti cha Tatu

Kiti cha plastiki kilikuwa na joto. Mshauri wa zahanati ya kambini alikigusa asubuhi ile akikisogeza apate kufagia, na mkono wake ukashtuka. Chumba kilikuwa kimefungwa tangu jana, na kufuli alikuwa amelifungua yeye mwenyewe.

"Labda panya walikuwa na kikao," alisema muuguzi wa upande wa pili wa pazia, ambaye zahanati nzima ilimwita Sindano. Yeye alishughulika na homa, vidonda na kupima uzito wa watoto wa wakimbizi. Waliokosa usingizi aliwavusha pazia kwa mshauri. Walicheka, wakaendelea na kazi.

Mshauri alikuwa na viti vitatu: chake, cha mgonjwa, na kimoja kitupu, ndicho hicho chenye joto. Mgonjwa aliambiwa afikirie kwamba lile lililomfuata kutoka alikokimbia limekaa pale, kisha azungumze nalo uso kwa uso. Hayo alifundishwa kwenye semina. Lakini huruma ilimfanya aongeze yake. Mwanzoni alikigeukia kile kiti akasema, "Karibu, keti." Mwishoni alimwambia mgonjwa, "Liache hapa. Nitabaki nalo mimi." Na watu walipata nafuu kweli. Mama Pacha, aliyekesha miezi minne, alianza kulala na kukoroma mpaka hema la jirani likalalamika.

Siku hiyo fundi cherehani mmoja alichungulia ndani, akarudi nyuma. "Samahani dada, sikujua una mtu."

"Sina mtu. Ingia tu."

"Dada," alinong'ona, "una mtu." Akaondoka bila hata kuchukua kadi yake.

Alasiri mvua ilipiga mabati. Mshauri aliinama akiandika, ikaja harufu ya nguo mbichi iliyoungua, akajiambia ni jiko la mtu huko nje, ila harufu ikasogea mpaka ikawa mbele ya uso wake, na plastiki ikalia kama inavyolia mtu mzito anapojiweka sawa, naye hakuthubutu kuinua macho, akatazama chini ya meza tu, akaona miguu ya kile kiti kitupu ikitanuka taratibu, taratibu, kwa uzito wa kitu kilichokuwa kikimwinamia. Aliogopa vibaya sana. Alitoka mbio, kalamu ingali mkononi.

Kwenye benchi Mama Pacha alikuwa akisubiri mizani na wanawe wawili. Alinusa, akawavuta watoto mapajani.

"Hilo ni langu," alisema kwa sauti ya chini. "Naijua harufu yake. Nilidhani lenyewe limebaki njiani, nimekuja na ndoto zake tu."

"Nililikaribisha mimi. Nilikuwa nakusaidia."

"Najua, mwenzangu. Sasa litakufuata nyumbani. Lakini mlangoni kwa mtu haliingii mpaka liambiwe karibu. Siku saba usilitamke neno hilo, hata jirani akipiga hodi. Litachoka." Akamshika mkono. "Una mtoto?"

"Mmoja. Ana miaka minne."

Mama Pacha aliwatazama wanawe. "Hawa walikuwa na dada yao," alisema. "Mume wangu ndiye aliyelifungulia. Alidhani ni mgeni."

Mshauri alikwenda nyumbani amebana midomo. Nyuma yake tope lililia kwa nyayo, akisimama nazo zinasimama, akikaza mwendo nazo zinakaza, na jirani alipomsalimia alimpita kimya kama mtu mwenye kiburi, maana kichwani mlikuwa na kitu kimoja tu, binti yake, waliyemwita Chiriku kwa kuwa hafungi mdomo tangu anapoamka.

Alisukuma mlango. Chiriku alimkimbilia, akamrukia shingoni palepale kizingitini. Mama akamkumbatia, na kwa mara ya kwanza tangu mchana akapumua. Hakuwa amesema neno. Alinyoosha mguu nyuma ausukume mlango.

Mtoto alikuwa anatazama juu ya bega lake.

"Mama," alisema, "mbona mgeni umemwacha kwenye mvua?"

Mshauri alipeleka mkono haraka kuuziba ule mdomo mdogo. Alichelewa. Tangu alipoanza kuongea, Chiriku alifundishwa na mama yake huyu huyu namna ya kupokea wageni, na adabu zake zilisifiwa mtaa mzima.

"Karibu," alisema Chiriku. "Keti."

Karibu na meza, kiti chake kidogo cha plastiki kikaanza kutanua miguu.