Wajane Wawili na Injini ya Silinda Sita

Kwanza ulisikika mlio wa chuma kikitafuna chuma. Kisha mvuke mweupe ukafumka pande zote za boneti, kioo cha mbele kikafunikwa, na gari lililokuwa likipanda tuta la mchanga kwa nguvu zake zote likasita, likarudi nyuma kidogo, likazima.

"Toka!" alisema Bi Mdogo. "Toka, usikae!"

Bi Mkubwa alitoka na kiatu kimoja, kingine kikabaki ndani. Bi Mdogo alikuwa ameshafika mbele. Alifungua boneti, na kabla hajaifikisha juu, bomba la maji la juu likachomoka. Maji yaliyokuwa yakichemka yakamrukia mkono wa kulia kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Alikaa chini kwenye mchanga kama mtu aliyekumbuka jambo, mkono ameunyoosha mbele yake.

Ilikuwa Alhamisi, saa tisa alasiri, katikati ya nyika isiyo na mti wa kumfunika hata mbuzi. Njia waliyoifuata iliachwa na magari tangu barabara mpya ijengwe, na wao waliifuata kwa sababu mafuriko yalikuwa yamechukua daraja la hiyo barabara mpya.

Wanawake hawa walikuwa wajane wa mwanamume mmoja. Bi Mkubwa, fundi cherehani, alikuwa na miaka hamsini na minane na ulimi uliojulikana mtaa mzima. Bi Mdogo, miaka arobaini na mmoja, alikuwa fundi magari, mwanamke pekee katika gereji yao. Kwa miaka kumi na tisa waligawana mume, ua na kisima, lakini maneno mazuri hawakugawana. Waliamkiana asubuhi kwa sababu tu majirani walikuwa wakisikiliza.

Mume alipofariki aliwaachia gari la mgongo mrefu, lenye umri wa miaka thelathini na mmoja. Shemeji yao alitaka liuzwe kama chuma chakavu. Bi Mdogo akasikia kwamba hospitali iliyo ng'ambo ya nyika inatafuta gari la kubeba wagonjwa kutoka vijiji vya mlimani, na masharti yalikuwa mawili: gari liweze kupanda mlima likiwa limejaa, na lifike hospitalini kwa nguvu zake lenyewe, si kwa kuvutwa, kabla ya saa sita mchana, Jumamosi. Injini ya zamani haikuweza kupanda hata tuta la barabarani bila kukohoa. Basi Bi Mdogo akaing'oa, akaweka ya silinda sita iliyotoka kwenye basi dogo lililopinduka. Ilimchukua miezi miwili. Alikata chuma, akasogeza rejeta, chombo cha kupoza maji ya injini, mbele vidole vinne, akachomelea, akabomoa, akachomelea tena. Gereji nzima ilicheka. Shemeji alikuja kutazama, akasema, "Mmemvika mbuzi pembe za nyati. Zitamvunja shingo."

Ni maneno hayo yaliyomfanya Bi Mkubwa, ambaye mpaka siku ile alikuwa anacheka na wengine, apande gari asubuhi ya safari bila kualikwa. "Nusu ya gari ni yangu," alisema. "Nakaa kwenye nusu yangu."

Sasa alichukua dumu la maji, akajaza kikombe, akamwagia Bi Mdogo mkononi taratibu. Akajaza cha pili.

"Acha!" Bi Mdogo alisema. "Hayo ni maji ya kunywa."

"Sasa hivi ni maji ya mkono. Nyamaza."

Vikombe sita. Ngozi ilikuwa imeshaanza kuvimba malengelenge makubwa kama zabibu. Bi Mkubwa alifungua mfuko wake wa kushonea, akatoa kipande cha bitana nyeupe ambacho hakijaguswa, akaufunika mkono kwa ulegevu, akafunga kwa fundo ambalo lisingebana.

"Kitu gani kimevunjika?" akauliza.

Bi Mdogo alisimama, akachungulia. Hakuhitaji kuchungulia sana. "Mipira ya kushikilia injini imekatika. Injini imeruka mbele, feni imeingia kwenye rejeta." Aligusa mpira uliokatika kwa mkono wa kushoto. "Kosa ni langu. Kila kitu nilibadilisha, mipira nikaacha ile ile ya zamani. Niliona bado migumu."

Alisubiri ulimi wa Bi Mkubwa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa ameuonja kwa makosa madogo kuliko hilo.

"Ukishona kitambaa kizito kwa uzi mwembamba," alisema Bi Mkubwa, "nguo inafumuka kwenye mshono. Kitambaa hakina neno. Injini yenyewe nzima?"

"Nzima."

"Basi tunashona upya."

Simu hazikushika mtandao. Dumu lilikuwa na lita kama kumi na saba, na kulikuwa na chupa mbili ndogo. Mikate mitatu, mayai ya kuchemsha sita. Hospitali ilikuwa mbele, kilomita mia moja na arobaini hivi. Nyuma walikuwa wametoka kilomita mia moja na sabini.

"Nani anajua tumepita huku?" Bi Mdogo aliuliza.

"Shemeji."

"Basi hakuna anayejua."

Wote wawili walicheka, mmoja huku akikunja uso kwa maumivu.

Ijumaa, jua lilipochomoza, kazi ilianza. Mkono wa Bi Mdogo ulikuwa umevimba hadi vidole havikuweza kukunjika, kwa hiyo alikaa juu ya tairi la akiba na kuelekeza, na Bi Mkubwa akaingia chini ya boneti na gauni lake amelifunga kiunoni.

"Spana ya kumi na tatu. Si hiyo, hiyo kumi na nne."

"Zimeandikwa kwa maandishi ya sisimizi."

"Legeza huku. Kinyume. Kinyume, Bi Mkubwa!"

"Kinyume cha nani? Mimi nimesimama kichwa chini!"

Feni ilitoka kwanza. Bi Mdogo alisema itupwe kabisa, maana mapanga yake yalikuwa yamepinda na isingefaa tena. Kisha rejeta ikatoka, na waliilaza kwenye kanga, wakaitazama. Feni ilikuwa imekata mirija kumi na moja, kila mmoja mwembamba kama bua la ngano.

"Kila mrija uliokatika, ubane ncha kwa koleo, ukunje, ubane tena," alisema Bi Mdogo. "Usivute. Ukivuta utang'oa na wa jirani. Mimi kwa mkono wa kushoto nitaharibu."

Bi Mkubwa aliinua rejeta usawa wa macho. Uso wake ukabadilika. Hapo hakuwa tena mgeni. Alikuwa amekunja pindo za magauni ya harusi, za hariri inayoteleza kama samaki, tangu akiwa msichana. Alibana, akakunja, akabana. Ncha baada ya ncha, ishirini na mbili zote, na hakugusa mrija hata mmoja mzima. Jua lilimchoma mgongo, jasho likamwingia machoni, naye akalifuta kwa bega bila kuachia koleo. Kwenye sanduku la spana kulikuwa na kopo la gundi ya chuma lililobaki nusu. Waliipaka juu ya kila pindo.

Injini ndiyo iliyowatesa. Iliinuliwa kwa jeki, gogo la kuzuia tairi likasukumwa chini yake, ikarudi nyuma kidole kwa kidole. Bi Mkubwa alipitisha mnyororo wa kuvutia gari chini ya injini na kuuzungusha kwenye boriti za fremu, pande zote mbili. Bi Mdogo aliingiza nondo katikati ya mnyororo, akaisokota kwa mkono wa kushoto na goti, mpaka mnyororo ukakazika na kulia. Walipomaliza, Bi Mkubwa alikuwa na grisi mpaka kwenye nyusi.

Saa kumi jioni ikaja habari ya maji. Rejeta ilihitaji lita tisa. Kwenye dumu zilibaki kumi na moja.

"Tukiweka, zinabaki mbili na zile chupa," alisema Bi Mdogo. "Gundi ikikataa, tumeunywesha mchanga. Tukikaa hapa bila kuondoka, maji yote yanatufikisha Jumatatu, labda Jumanne."

"Na Jumatatu atapita nani?"

Tangu jana hata ndege hawakumwona.

"Mimi sikuja huku kukaa kwenye kivuli cha gari nikisubiri kuokotwa," alisema Bi Mkubwa. "Mimina."

Alimimina mwenyewe, polepole, akisikiliza maji yakishuka, na koo lake likimeza mate kwa kila lita. Walilala kifudifudi mchangani kutazama chini. Tone moja lilining'inia kwenye pindo la mwisho. Likakua. Likadondoka. La pili likachukua muda mrefu kuja.

"Inavuja kama mtoto anayeota meno," alisema Bi Mkubwa. "Tutafika."

Bila feni, gari lingeweza kwenda kukiwa na ubaridi tu, na mfuniko wa rejeta ulegezwe ili mvuke usije ukafumua gundi. Na dereva alikuwa na mkono mmoja. Jua lilipoanza kuzama, Bi Mdogo alishika usukani kwa mkono wa kushoto, akakanyaga klachi, akasema, "Gia ni kazi yako. Nikisema moja, sukuma mbele. Mbili, vuta nyuma."

"Sijawahi kugusa kitu hiki."

"Na mimi sijawahi kukuomba kitu. Moja!"

Gia iliguna, ikaingia. Injini ikanguruma, mnyororo ukalia, na gari lililobebeshwa moyo wa basi likapanda lile tuta la mchanga kana kwamba halikuwahi kulishinda. Bi Mkubwa alipiga dashibodi kwa kiganja. "Pembe za nyati!" alipaza sauti kwenye nyika tupu. "Shemeji, njoo uone pembe!"

Walikwenda kilomita thelathini. Kisha upepo ukaja kutoka kushoto, ukiburuta ukuta wa vumbi la rangi ya kutu, na njia ikafutika. Mshale wa joto ulipanda ukagusa nyekundu. Walizima, wakafunga vioo, wakajifunika kanga moja vichwani, mchanga ukipiga bati kama mchele unaopepetwa. Bi Mdogo alikuwa na homa. Mwili wake ulitetema, akaanza kuongea na marehemu, akimwuliza wapi ameweka spana ya kumi na saba. Bi Mkubwa alimnywesha chupa yote ya kwanza, kidogo kidogo. Yeye mwenyewe alilowesha midomo, basi.

Alfajiri ya Jumamosi vumbi lilikuwa limetulia na hakukuwa na alama ya tairi popote.

"Mlima tunaouendea uko upande gani?" Bi Mkubwa aliuliza.

"Jua linatoka nyuma ya bega langu la kulia tukiwa njiani. Juzi asubuhi lilikuwa hapo." Sauti ya Bi Mdogo ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa ya mtu mwenye akili zake. "Liweke jua hapo, utanyooka."

Lita mbili za mwisho zilikwenda kwenye rejeta. Ilibaki chupa moja. Waliondoka mchanga ukiwa bado baridi, Bi Mkubwa amegeuza shingo kutazama jua, akisema "kushoto kidogo, kidogo, hapo hapo," na akibadilisha gia sasa bila kuambiwa, kwa kusikiliza injini tu. Saa mbili asubuhi walikuta alama za matairi mapana. Saa tatu kasoro, rejeta ikiwa imeanza kutoa mvuke tena, wakaliona lori la kokoto likija na vumbi lake.

Dereva wa lori alishuka, akatazama mnyororo, mkono uliofungwa bitana, uso wa mwanamke mzima uliojaa grisi. "Mama zangu," alisema, "mmetoka wapi na kitu hiki?" Aliwapa maji. Walikunywa mpaka yakamwagika kifuani. Kisha akatoa kamba nene. "Hospitali ni kilomita arobaini. Nitawavuta."

Bi Mdogo aliitazama ile kamba. Mkono ulikuwa unampiga kama ngoma. Mtu angemwona akiikubali kwa macho.

"Mwanangu, Mungu akuzidishie," alisema Bi Mkubwa. "Maji tumepokea, na tunaomba mengine ya rejeta. Kamba irudishe."

"Mama, huyu mwenzako anaumwa."

"Anaumwa mkono. Gari haliumwi." Akamgeukia Bi Mdogo, na kwa mara ya kwanza hakuamuru. "Au unasemaje?"

Bi Mdogo alijifuta mdomo. "Nasema twende kabla jua halijapanda."

Dereva wa lori alitikisa kichwa, akageuza lori lake, akawafuata nyuma mwendo wote. Mara tatu walisimama ili injini ipoe, na mara tatu alishuka na dumu.

Waliingia kwenye lango la hospitali saa sita kasoro dakika kumi na mbili. Uwanja ulikuwa mtupu. Magari mengine mawili yaliyokuwa yakishindania kazi hiyo, mapya yote, yalikuwa bado yanasubiri ng'ambo ya daraja lililochukuliwa na maji. Daktari mkuu alitoka na karatasi zake, akainama kutazama chini ya boneti, akakaa huko muda mrefu.

"Siwezi kumpakia mgonjwa kwenye injini iliyofungwa mnyororo," alisema.

"Wala mimi siwezi," alijibu Bi Mdogo. "Nipe mipira mipya na siku kumi."

Daktari alitazama nyika waliyotokea, kisha gari, kisha wao. Akaandika saa kwenye karatasi: walikuwa wamefika ndani ya muda. "Siku kumi," alisema. "Na huo mkono uingie ndani sasa hivi."

Ndani, muuguzi alifungua bitana polepole na kusifu jinsi ilivyofungwa. Alivuta fomu. Bi Mdogo alikuwa ameanza kusinzia kitandani, kwa hiyo akamgeukia Bi Mkubwa aliyekataa kiti na kusimama kichwani pa mgonjwa, grisi bado kwenye nyusi.

"Wewe ni nani kwake, mama?"

"Ndugu."

Muuguzi alitazama nyuso zile mbili ambazo hazikufanana hata kidogo. "Wa baba mmoja, mama mmoja?"

Bi Mkubwa alifikiri.

"Wa mume mmoja," alisema. "Na injini moja. Andika ndugu."