Moshi wa Ndulele

Mulembe, watu wa hapa. Mwenye redio aizime kidogo, na nyinyi wa huko nyuma mwache kunong'onezana. Hii maneno ilimpata jirani yetu wa Tuwan, hapo Kitale, mwaka wa themanini na saba, na sitaongeza chumvi.

Nekesa alikuwa anauza mboga. Jumanne hiyo aliamka vizuri, akapika chai, akauma hindi la kuchoma, na jino la nyuma likamshika mpaka sikio. Siku tatu hakula. Usaha ulikuwa unatoka, anaumeza pamoja na mate. Bwanake Mukhisa akasema hospitali watang'oa tu, afadhali aende kwa Kogo Chepkemei, mama mzee wa kutoka Elgon, anayetoa wadudu wa meno na ndulele.

Ndulele si mnaijua. Ile ya miiba kando ya njia, matunda ya manjano. Mizizi watu wanatafuna tumbo likiuma, wanatema. Lakini mbuzi akila tunda, hamtamla huyo mbuzi.

Kogo alichoma kigae cha chungu mpaka kikawa chekundu, akakiweka juu ya jiwe katikati ya beseni la maji. Kabla ya kumwaga mbegu na samli, akauliza polepole, "Uko na mimba? Hii moshi haitaki mimba."

"Hapana, Kogo."

Alikuwa nayo, ya miezi minne. Lakini mbili zilikuwa zimeshatoka, na kwao mimba haitangazwi, sana sana mbele ya mwanamke ambaye hujui macho yake. Hii ya tatu aliapa hakuna mtu ataisikia kutoka kwake.

Akainama, mdomo wazi, blanketi juu ya kichwa. Moshi ukapanda. Mate yakachuruzika. Mdudu wa kwanza akaanguka ndani ya maji, mweupe kama mchele, kichwa cheusi. Wa pili. Wa tatu. Kogo akasema hao wanatosha, sasa itaisha.

Haikuisha.

Wakaendelea kuanguka, wanene, wamefungana na makamasi kama uji ulioganda. Harufu ikawa ya nyama iliyosahauliwa ndani ya sufuria. Nekesa akataka kufunga mdomo. Ukakataa. Halafu akasikia kitu kinatambaa. Si kwa jino. Chini. Kinapanda kwa koo.

Kogo akainua blanketi. Akaangalia beseni, akaangalia tumbo.

"Kwani mko wangapi hapa?"

Nekesa akafunika tumbo kwa mikono. Kogo akazima kigae, akaenda kutupa beseni lenyewe kwa choo, akamwambia asirudi.

Jino halikuuma tena. Na mimba haikutoka. Alijifungua kwa kina Mukhisa, Bungoma, mtoto msichana, mnono, anayenyonya vizuri. Siku ya tatu Mukhisa akaona damu kwa nguo ya mkewe, akamwambia afungue.

Titi lilikuwa limeumwa. Meno ya juu, meno ya chini, upana wa mdomo wa mtu mzima. Vidonda vimeoza, vinatoa maji ya kijani. Mukhisa akatia kidole mdomoni mwa mtoto. Ufizi mtupu, laini. Hata kadi ya kliniki nimeisoma mwenyewe, neno kwa neno: meno, hakuna.

Asubuhi iliyofuata, titi la pili.

Mimi naenda, ngumbaru, lile darasa letu la watu wazima, inaanza saa nane na mwalimu hapendi watu wa kuchelewa. Nikirudi, nyinyi ndio mtaniambia ni nani alikuwa anamuuma.