Nafasi Kando ya Adongo

Jioni hiyo nilikuwa na kazi moja tu. Kuweka picha za watoto zikae mbili mbili, bega kwa bega, kwa peji ya shule huko mtandaoni. Kitu rahisi. Ndivyo nilifikiri.

Shule yenyewe ni ya nasari, ndogo tu, nyuma ya maduka ya senta ya Mulanda. Adongo, mtoto wa dada yangu Justine, anasoma hapo. Alinifuata na kipande kikubwa cha fenesi, akakaa kwa veranda. Mimi nikaingia ofisini, nikafungua laptopu. Nje mwamba wa Tororo ulikuwa umeanza kumezwa na giza.

Mimi ni Bwire, mtu wa Busia. Shule niliachia njiani. Kompyuta nilijifunzia kwa simu, kwa video za Wahindi wanaoongea haraka. Mambo ya Busia yalipokauka nikaja kukaa kwa dada, huku alikoolewa. Akaniombea hii kazi kwa mwalimu mkuu, Madam Edah.

Sasa Madam Edah alikuwa amesimama nyuma yangu, anatafuna njugu karibu na sikio langu.

"Bwire, hii ni nini?"

"Madam, ngoja kidogo."

"Nilisema wakae kama kwa dawati. Wawili wawili. Wewe umewapanga kama matofali! Ni mtu wa kompyuta ama ni fundi wa nyumba?"

"Nimesema ngoja, Madam."

"Nimengoja tangu saa ya uji. Kesho wazazi wanakuja kuona."

Akaondoka kwenda jikoni kugombeza mpishi.

Ilikuwa hivi. Kila mtoto ana rekodi yake: jina, darasa, picha. Zote ziko kwa databezi, kama kabati, kila mtoto na droo yake. Peji inavuta hizo rekodi na kuzipanga. Lakini ilikuwa inazimwaga moja chini ya nyingine. Nikirekebisha hapa, inaharibika pale. Mara picha zinapandana. Mara jina la huyu linakwenda kwa sura ya yule. Nilitukana kimya kimya mpaka mate yakakauka.

Halafu ikakubali.

Wawili wawili, mstari kwa mstari, safi kabisa. Nikashuka mpaka chini.

Wa mwisho alikuwa Adongo. Alikuwa kushoto, peke yake. Kando yake, boksi tupu.

Sawa, watoto hawakugawanyika kwa mbili, mmoja amebaki. Lakini hiyo boksi ilikaa vibaya, kama jino limeng'oka. Nikaandika: kama hakuna mtoto, usichore boksi. Nikarifreshi, peji ijichore upya.

Boksi iko pale pale.

Nikaandika tena, kwa njia ingine. Nikarifreshi.

Iko.

"Lakini wewe ni kitu gani!" Nikapiga meza.

Nje, Adongo akacheka. Kisha... mwingine akacheka. Sauti ile ile ya Adongo, ila nzito kidogo, kama inatoka chini ya kitu.

"Adongo! Unacheza na nani?"

"Hakuna mtu, anko. Tunakula tu."

Hapo ndipo harufu ilinifikia. Udongo mbichi. Kama mtu amechimba shimo ndani ya ofisi, sasa hivi, chini ya kiti changu. Nikaangalia chini. Saruji tu.

Nikarudi kwa skrini. Boksi haikuwa tupu.

Kulikuwa na kivuli ndani. Nikarifreshi, ikawa nywele. Nikarifreshi... sikio, shavu. Kila nikigusa inajaa. Mpaka akakamilika. Mtoto wa kike, sura ya Adongo kabisa. Hana yunifomu. Amefungwa shuka nyeupe mpaka shingoni. Macho amefumba. Chini yake hakuna jina.

Nikafungua databezi. Hakuna rekodi kama hiyo. Adongo ndiye wa mwisho.

Mtu mwenye akili angekimbia. Mimi nilikasirika. Nilifikiri ni Paddy, yule jamaa wa Busia aliyeniuzia laptopu, ananichezea kutoka mbali. "Paddy, utanijua," nikasema. Nikaandika amri ya kufuta chochote kilichokaa kwa hiyo nafasi. Nikabonyeza.

Yule mtoto akapotea.

Na Adongo akapotea.

Mstari mzima umeisha. Nikaingia kwa databezi, droo ya Adongo hakuna. Na huko nje... hakuna cheko, hakuna mtu anatafuna.

Nikatoka mbio. Kwa veranda fenesi ilikuwa imepasuliwa vipande viwili, vimewekwa bega kwa bega. Vyote vimeumwa. Mtoto hayupo.

"Adongo!"

Madam Edah akatoka jikoni na tochi. Tukazunguka choo, tukazunguka shamba la mihogo. Hakuna. Nikapigia dada yangu.

"Dada, Adongo hayuko. Nilikuwa tu naweka picha, akabaki peke yake kwa peji, halafu..."

"Peke yake?" Sauti yake ikashuka. "Bwire, ulimweka peke yake?"

"Ndiye aliyebaki! Kulikuwa na boksi tupu, mtoto mwingine akaingia, nikamfuta..."

Dada alilia kidogo tu, kama mtu ameumwa na siafu.

"Nani huitwa Adongo? Si ni yule anayefuata pacha mwenzake? Hukujiuliza yule wa kwanza, Apio, yuko wapi?"

Mimi nilidhani hilo jina ni la nyanya wa upande wa shemeji. Walipozaliwa mimi nilikuwa upande wa Kenya, natafuta maisha. Hakuna mtu aliniambia.

"Apio alikufa?"

"Hatusemi hivyo! Kwa pacha tunasema aliruka. Pacha haachwi mmoja, Bwire. Nikinunua gauni nanunua mbili. Ukimfanyia huyu, mfanyie yule. Ukimfuta yule... Warudishe. Wote wawili! Nakuja na boda."

Nikarudi ofisini. Picha ya Adongo ilikuwa bado kwa simu yangu. Nikamwandika upya. Halafu nikafungua rekodi ingine. Jina: Apio. Darasa: sikujua niandike nini, nikaandika la mwenzake. Picha nikaweka ile ile. Nikasevu. Ikakataa. Nikasevu. Ikakataa!

"Ingia, tafadhali," nikanong'ona. Sijui nilikuwa naongea na kompyuta ama na nani.

Ikaingia.

Adongo kushoto. Apio kulia. Bega kwa bega.

"Huyu hapa!" Madam Edah akapiga kelele huko nje. "Huyu hapa, Mungu wangu!"

Mtoto alikuwa darasani, gizani, kwa dawati la mwisho. Amekaa upande wa kulia kabisa, ameacha nafasi ya mtu kando yake. Nikambeba. Alikuwa baridi kama jiwe la mtoni, na udongo umejaa kwa kucha. Nililia bila aibu. Boda ikafika, dada akaruka chini kabla haijasimama.

"Adongo! Adongo wangu!"

Mtoto akamwangalia tu.

"Adongo, ni mama."

Dada akamshika uso na mikono miwili. Akamtazama kwa muda mrefu. Halafu, polepole sana, akanong'ona.

"...Apio?"

"Naam, mama."

Nikakimbilia laptopu. Boksi ya kulia ilikuwa na mtoto, amevaa yunifomu, macho wazi. Ya kushoto, ya Adongo, ilikuwa nyeupe, tupu.

Tangu siku hiyo nimeandika rekodi ya Adongo mpaka nimechoka. Inaingia kwa databezi vizuri, jina lipo, picha ipo. Kwa peji, hakuna. Wazee wa upande wa shemeji walikuja wakafanya mambo yao. Pasta naye akaja akafanya yake. Dada haongei. Madam Edah anasema peji ni nzuri sana, wazazi wamefurahi, nimalizie tu hiyo nafasi moja.

Jana nilikuwa nimekaa mlangoni, nimeshika laptopu, najaribu tena. Mtoto akaja akasimama kando yangu. Harufu ile ya udongo. Akaweka kidole chake juu ya boksi tupu, taratibu, kama anapapasa mtu.

"Acha, anko. Unasumbua bure."

"Yuko wapi?"

"Pale nilipokuwa mimi." Akacheka, sauti ile nzito kidogo. "Si tunapokezana? Sasa ni zamu yake."