Viatu Vilivyotanuliwa

Fundi Soli alishona viatu vya mtaa mzima, na ukimsikiliza yeye, aliwahi kumshonea tembo ndala. Siku hizi alitamba kwa jambo jingine. Moyo wake ulikuwa umechoka kusukuma damu, na hospitali ilikuwa imemwingiza kwenye utafiti wa sindano mpya.

Muuguzi wa utafiti alikuwa amemweleza vizuri. Dawa ile ni mnyororo mfupi wa vipande vya protini, uliotengenezwa maabara. Bado inachunguzwa kama inausaidia moyo. Wengine wanachomwa dawa, wengine maji ya chumvi tu, na si mgonjwa wala muuguzi anayejua nani kapata nini. Vidonge vya zamani aendelee navyo.

Fundi alisikia nusu. Kibandani kwake akatangaza kwamba amepewa moyo wa farasi.

Mara miguu ikaanza kuvimba. Mwingine angesema. Yeye alivitia viatu vyake kalibu ya mbao ndani, akavitanua. Muuguzi alipopiga simu kumjulia hali, akajibu yuko ngangari.

Mkewe ndiye aliyevikuta viatu hivyo mlangoni.

“Baba watoto, hiki ni kiatu au mtumbwi?”

“Ngozi imelegea.”

“Vua soksi.”

Akambonyeza mguu kwa kidole. Shimo likabaki. Hakubishana naye tena. Alimshika mkono mpaka kliniki.

Huko fundi alinong'ona, “Nikisema ninavimba, dawa itaonekana haifai. Mtanifukuza, na wenzangu wataikosa.”

“Mzee wangu, dawa haihitaji wakili,” muuguzi alisema. “Ukificha, wewe utazama kwa maji yaliyojaa mwilini, na wenzako watapewa kitu tusichokijua.”

Daktari akampima, akamwongezea kidonge cha kupunguza maji. Akamwagiza ajipime uzito kila asubuhi, na akivimba au akikosa pumzi aje upesi. Hakuna aliyemfukuza. Hata kama angetaka kujitoa, ilikuwa ruhusa yake.

Miguu ikanywea. Sasa viatu vilimpwaya, vikapiga makofi njia nzima, na fundi akalazimika kuketi kuvishona upya, watu wakimcheka.

Mteja mmoja akamuuliza kama ile sindano inaponya.

“Sijui,” Fundi Soli akajibu. “Utafiti haujaisha. Kidonge cha maji ndicho ninachokijua.”

Ndani ya nyumba, nyuma ya kibanda, mkewe aliacha kufagia. Akachungulia dirishani aone ni nani huyo anayezungumza.