Bahasha ya Mzee Pankrasi

"Noela, kaa kwanza."

"Soma tu, Oliva. Nimesimama vizuri."

Oliva ndiye jirani pekee pale Matogoro aliyekuwa na simu ya mkononi mwaka ule. Akaikinga jua kwa kiganja, akasoma polepole:

"MWAMBIE NOELA HONGERA YA UFADHILI. MWEZI MZIMA HATA SALAMU. KAMA KANIACHA ASEME NIJUE. DAIMU."

"Ufadhili gani?" Noela akauliza. "Barua sijaiona."

Mwezi mzima alikuwa akifundisha baiolojia, akirudi nyumbani, anakula na baba yake bila maneno, analala. Aliomba ufadhili wa kusomea ubongo, ule wa vijana wa sehemu ambako sayansi hiyo haijawahi kupata mtu. Anwani aliyotoa ni sanduku la posta la duka la mjomba wa Daimu, mpenzi wake, kwa kuwa kwao hawakuwa nalo. Alipoenda kuuliza, mjomba akamwambia barua zake kazichukua Daimu, naye yuko Tunduru kwenye korosho. Noela akajijibu mwenyewe: kaificha, hataki niende. Toka siku hiyo hakumtafuta.

Oliva akampa simu.

"Daimu, ni mimi."

"Mimi nani?"

"Sauti umeshaisahau?"

"Sauti isiyoniita mwezi mzima lazima niiulize jina."

"Barua yangu iko wapi?"

"Iko kwenu. Uliniambia ikija nifungue, nikafungua, umepata. Mzee Ibra wa msikitini kwetu akaipeleka, akamkabidhi baba yako mkononi."

"Baba? Kwa nini usinipe mwenyewe?"

"Nikuvizie njiani kama mhuni? Niliitia kwenye bahasha mpya, juu nikaandika jina la mzee, kwa heshima. Noela, mwisho wa kujibu ni tarehe thelathini."

"Leo ishirini na tisa."

Simu ikakatika, vocha imekwisha.

Kitendawili: hana mdomo, kaingia nyumba moja tu, wapenzi wawili hawasemeshani. Mmeshakijua. Ni barua.

Mzee Pankrasi alikuwa uani akipukuchua mahindi.

"Baba, Mzee Ibra alikuja kufanya nini hapa?"

Mikono ikasimama.

"Alileta posa ya yule kijana wa Kiislamu."

"Uliisoma?"

"Posa usiyoitaka haifunguliwi, mwanangu. Ukifungua umeshakaa kuongea nao. Mzee mwenye kofia, bahasha mpya, jina langu juu. Ingekuwa nini kingine?"

"Ni ya kwangu. Ya shule."

Mzee akainuka. Akapanda darini, akashuka na bahasha ina vumbi la mahindi, gundi yake haijaguswa. Noela akaichana, akasoma, akaketi chini palepale.

"Wamekukataa?"

"Wamenichukua. Wanasema waliyasoma niliyoandika kuhusu mama."

Mama yake, Kunegunda, alianguka kifafa jikoni, akaangukia motoni. Majirani walisimama mlangoni wanatazama, wakiogopa kuambukizwa, hadi akafa.

"Uliwaandikia kwamba mimi nilikuwa shamba?"

"Niliandika kwamba hakuna aliyemgusa."

Mzee Pankrasi akaokota punje zilizodondoka, moja moja.

"Nimebaki na wewe tu, Noela. Ile bahasha nilikuwa naiogopa hata kuitazama."

"Na mimi nilikuwa chumba cha pili, baba. Ungeniuliza."

Asubuhi walienda mjini pamoja, jibu likaondoka kwa faksi. Walipofika kwa Oliva mzee akanunua vocha, akasema, "Nipigieni huyo kijana."

"Daimu, mimi Pankrasi."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Bahasha yako nimeifungua. Haina posa."

"Haina, baba."

"Mwezi mzima nimekuchukia kwa posa ambayo hujaleta."

"Nisamehe, baba."

"Nikusamehe nini? Lete. Sijasema nitakubali. Nimesema nitafungua."

Noela akaipokea simu, akatoka nayo uani.

"Nilidhani umeificha ili nisiende," akasema.

"Nilitamani kuificha. Nililala nayo siku mbili."

"Ukaileta kwa nini?"

"Kwa sababu ungeondoka hata hivyo, ila ungeondoka unanichukia. Mvua imeanza, barabara haipitiki. Sitawahi kufika kukuaga."

"Miaka minne, Daimu."

"Nimesikia. Wewe nenda."

Noela akaondoka bila kumwona.

Huko ng'ambo alikaa miezi mitatu hajasikia neno la Kiswahili ila anaposali. Mchana anatazama vipande vya ubongo kwenye darubini, jioni anapika ugali wa unga usio wenyewe, anaula peke yake. Kisha ikafika barua ya baba, mwandiko mkubwa uliolala upande:

"Posa imefika, nimeifungua. Nikamwambia Ibra jibu unalo wewe. Kijana anakuja kila Jumapili, anakaa, tunapukuchua mahindi, hatuna la kusema sana. Anauliza kama umeandika. Nami namuuliza yeye. Mwandikie, mwanangu, halafu atanisomea."

Noela akavuta kalamu, akaandika jina la Daimu. Chini yake akaandika: "Ndiyo. Msomee na baba."